Parachuti na dawa ya nzige: ya kujua kabla hujaacha charta

Msimu wa watalii ukipoa pale uwanja wa ndege wa Wilson, simu yangu hujaa ujumbe wa marubani vijana wa charta wenye masaa yao mia chache kwenye ndege ya Caravan. Mmoja atauliza kama kule Diani bado wanatafuta rubani wa kurusha watu wa parachuti. Mwingine atataka kujua nzige wakirudi nani atamfundisha kupulizia dawa. Kazi zote mbili nimezifanya, na jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia, basi leo naliandika mara moja.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo inayozifanya kazi hizi kuwa ndugu. Caravan ya parachuti, Thrush ya dawa, Porter ya Uswisi na PAC 750XL ya New Zealand, zote unazikuta na PT6, injini ya tabini inayozungusha propela, ya namna moja au nyingine puani. Hiyo 750XL imetokana na Cresco, ndege iliyoundwa kumwaga mbolea kwenye vilima vya malisho huko New Zealand. Watu wa parachuti waliipendea yale yale yaliyowavutia wafugaji: inapanda upesi ikiwa na mzigo, inatua pafupi, inarudi kuchukua mwingine.

PT6 ina sifa ya uvumilivu, na sifa hiyo inalewesha. Kijana akisikia kwamba PT6A-114A ya Caravan inaruhusiwa masaa 3,600 kabla ya ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa yote, anaondoka akiamini kwamba masaa ndiyo kipimo. Kwenye kazi hizi masaa hayakuambii chochote cha maana. Disiki za ndani zina ukomo wa mizunguko. Kuwasha, kupaa, kutua na kuzima ni mzunguko mmoja. Sasa wewe unapakia warukaji injini ikinguruma, unapaa, unawaachia, unashuka, unapakia tena. Safari hizo za katikati hazihesabiwi kuwa mzunguko kamili, lakini si za bure. Mtengenezaji ametoa kigawo kwa kila disiki: chukua idadi ya kuwasha, jumlisha na safari zilizobaki ukizigawa kwa kigawo hicho. Ni maisha ya matatu ya mjini yanayosimama kila stendi, si ya basi la usiku la Mombasa.

Nilipofika pwani, mzee aliyekuwa fundi mkuu alinipa kijitabu na kalamu kabla hajanipa funguo za ndege. "Masaa nitayasoma mwenyewe kwenye mita, Kapteni. Wewe niletee idadi ya kupaa." Baadaye nilifanya kazi mahali pengine ambapo siku nzima ya lodi, yaani mizigo ya warukaji, iliandikwa kama safari moja. Niliondoka kabla mwezi haujaisha, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kabla ya kusaini mkataba, omba kuona kitabu cha injini. Wakikuzungusha, jibu umeshalipata.

Sikutishi. Tarehe 7 Januari 2015, PAC 750XL ilipaa kutoka Taupo, New Zealand, na injini ikafa muda mfupi baadaye. Bapa la tabini ya kompresa lilikuwa limevunjika. Ndani walikuwemo watu 13. Wote waliruka, rubani naye akaruka, ndege ikaishia ziwani, na wote 13 wakapona. Tazama hapo kwa rubani: alikuwa na parachuti mgongoni. Nimekutana na marubani wanaoacha ya kwao hangani kwa sababu inabana kiti na inaleta joto. Vaa.

Mabapa hayo huchoshwa na joto, na joto liko mkononi mwako. Geji ya ITT, yaani joto la ndani ya tabini, ina mstari wake wa ukomo, na bosi angependa sindano ikae kwenye mstari huo kila unapopanda. Ukiiacha chini kidogo utachelewa dakika moja au mbili kufika futi 10,000. Chelewa. Na asubuhi unapowasha, usifungue mafuta mpaka Ng, kasi ya mzunguko wa kompresa, ifike angalau asilimia 12, na ukiona inapanda kwa uvivu, funga kila kitu uite mashine ya umeme ya nje. Betri iliyochoka imeunguza injini nyingi.

Pwani ina adui wa ziada, chumvi. Jioni, injini ikishapoa, fundi huunga mpira wa maji kwenye paipu ya kuoshea, maji yaliyoondolewa madini. Wewe kaa kitini, uzungushe kwa stata bila mafuta wala cheche, ukichunga muda wa stata, mpaka maji yamwagike kwenye ekzosi. Yale ya kwanza huwa na rangi ya chai nyepesi. Kisha unawasha kidogo ili ikauke. Ni kazi ya kuchosha, hasa baada ya lodi ya mwisho wakati wenzako wameshaelekea ufukweni kula pweza. Kiwanja kilicho karibu na maji hivyo kinataka ifanyike kila siku.

Juu angani kazi yenyewe si ngumu, ila ina dakika moja mbaya. Umefika, umepunguza mwendo, flapu ziko chini, mlango wa nyuma umefunguliwa, na watu wote wazito wanajisogeza kuelekea mlangoni kwa pamoja. Kitovu cha uzito kinarudi nyuma, pua inataka kuinuka, na mwendo ulionao ni mdogo. Pua ikiachwa, bawa linaacha kubeba watu wakiwa bado wamening'inia nje. Kwa hiyo makubaliano yafanyike chini: wangapi waruhusiwe nyuma kwa wakati mmoja, na nani asubiri mbele. Mkufunzi anayekuambia "tumezoea" mwambie abaki na mazoea yake ardhini. Trimu nayo, kile kirekebisho kinachoshikilia pua juu au chini, isahaulike popote pengine lakini si kabla ya kupaa. Mwaka 2021 huko Örebro, Sweden, Turbo Beaver iliyobeba warukaji ilianguka mara tu baada ya kupaa, watu 9 wakafa, na wachunguzi wakakuta trimu ya elevata haikuwa imewekwa kwa ajili ya kupaa. Unaposhuka na kupakia mara nyingi kwa siku, trimu ya kutua ndiyo unayoikuta pale.

Huku Diani upepo, uwe kusi au kaskazi, unatoka upande wa bahari. Kinachobadilika ni pembe. Maana yake watu wako watatoka ndegeni juu ya maji, waletwe nchi kavu na upepo. Ukiwaachia mbali sana kwa hofu ya kupita mahali pa kutua, wataogelea nje ya mwamba. Usitegemee upepo wa chini pekee. Tazama GPS ukiwa unapanda uone unavyosukumwa katika kila urefu.

Kushuka, vijana wengi hugeuza mashindano na parachuti. Caravan ina ukomo wa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 175, na hairuhusu leva ya nguvu kuvutwa nyuma ya aidoli angani. Mwaka 2013 Porter yenye watu 11 ilianguka Ubelgiji baada ya bawa kuvunjika, na uchunguzi ukaelekea kwenye mienendo mikali ya angani iliyolizidi bawa nguvu. Hakuna aliyepona. Kingine cha kushuka nacho: mafuta huwa machache kwa makusudi ili watu waongezeke, na ukiteleza ubavu kwa muda mrefu mafuta hayo machache hukimbilia upande usiokuwa na mdomo wa paipu.

Sasa dawa. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, nchi ilikuwa haijaona kitu kama kile kwa miaka 70. Kaskazini hakuna upepo wa pwani wa kukuhurumia. Kiwanja cha Isiolo kiko karibu futi 3,500 juu ya bahari, na joto likifika digrii 33 ndege inahisi iko kama futi 6,500. Tanki la Thrush 510 linachukua kama lita 1,900, lakini hakuna aliyekuambia ulijaze. Viwanja vya changarawe navyo vinakula propela. Katika Caravan fungua kitenganisha vumbi cha injini, na rivasi uiachie kabla mwendo haujaisha, maana utapiga mawe yako mwenyewe.

Nzige hulala usiku na huruka jua likishawapasha, kwa hiyo dirisha lako ni alfajiri. Dawa ya ULV, yaani ya kiasi kidogo sana, hupimwa kwa lita moja au pungufu kwa hekta, matone madogo yanayobebwa na upepo. Anza ukingo wa chini ya upepo, kila pasi inayofuata isogee kule upepo unakotoka, usije ukapita katika ukungu wako. Kabla ya pasi ya kwanza zunguka juu utafute nyaya, milingoti, mizinga ya nyuki na boma la ngamia. Ukifika mwisho wa mstari panda kwanza bawa likiwa sawa, ndipo ugeuke taratibu. Kugeuka kwa haraka ukiwa chini na mzito ndiko kunakoua marubani wa dawa.

La mwisho ni damu yako. Fenitrothioni na klorpirifosi, dawa zilizotumika kwa nzige, ni sumu za neva, na daktari anaweza kufuatilia athari zake kwa kipimo cha kolinesterasi, kimeng'enya cha damu ambacho sumu hizo hukizuia. Kipimo cha kwanza kifanywe kabla hujaigusa dawa, kwa sababu kila mtu ana kiwango chake na kipimo cha katikati ya msimu hakisemi kitu bila cha kulinganisha nacho. Mwajiri alipe, na kiandikwe kwenye mkataba. Hakikisha vijana wa kupakia wanapimwa pia. Wao ndio wanaofungua mapipa.