Maswali ya Wasomaji: Tuanze Ziwani au Mlimani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumekodi gari la malazi, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, kwa muda wa siku 8. Tutasafiri na watoto wetu watatu, wenye umri wa miaka 12, 8 na 4, pamoja na mama mkwe wangu aliyetimiza miaka 70. Tunakusudia kulala katika kambi ya kando ya ziwa na katika kambi ya hifadhi ya mlimani. Mume wangu anataka tuanze na mlima, na tukifika ziwani tuchukue nafasi iliyo ukingoni kabisa mwa maji kwa ajili ya mandhari. Mimi nasita, lakini nikiulizwa sababu sina la kusema. Mnatushaurije?
Mama wa Watatu

JIBU: Mama wa Watatu, kusita kwako kuna msingi. Wengi wetu huchagua kambi kwa macho ya saa tisa alasiri, jua likimetameta juu ya maji, ilhali familia yenye mtoto wa miaka 4 na bibi wa miaka 70 huijua kambi yake saa nane za usiku, mmoja anapotaka kwenda msalani, mwingine anapotetemeka, na wa tatu anapouliza ile sauti ya nje ni ya nini. Basi ipangeni safari hii kwa kuufikiria usiku.

Anzeni ziwani. Siku mbili za mwanzo katika gari la kukodi ni za kulisoma gari lenyewe: tangi la maji machafu hufunguliwa kwa valvu ipi, betri huhimili taa kwa saa ngapi, na nani alale wapi ili anayeamka usiku asimkanyage mwenzake. Makosa ya kujifunza ni mepesi mahali penye joto na tambarare. Mlimani halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo blanketi lililowatosha ziwani huenda lisiwatoshe huko. Zaidi ya hayo, wapo wanaoumwa kichwa, kupata kichefuchefu na kukosa usingizi wakifika haraka kwenye kimo kinachozidi mita 2,500. Ikiwa kambi yenu iko juu kiasi hicho na mama mkwe ana maradhi ya moyo au ya mapafu, daktari wake aulizwe kabla hamjalipia nafasi.

Kuhusu ukingo wa maji, simuungi mkono mume wako hata kidogo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka majini. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu hupoa na upepo huelekea ziwani. Maana yake ni kwamba walio ukingoni hupokea moshi wa kila moto uliowashwa nyuma yao, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutulia hapo hapo chini. Nimelala ukingoni mara moja tu: asubuhi mashuka yalikuwa na unyevu kana kwamba yameanuliwa kabla ya kukauka, na boya la kuchezea la mwanangu, tulilolisahau ufukweni, lilikuwa doa jekundu katikati ya ziwa. Afadhali lilikuwa boya tupu. Upepo huo huo wa kuelekea majini, ambao aghalabu huendelea hadi asubuhi mapema, unaweza kumchukua mtoto aliyekaa juu ya boya la kujazwa hewa kwa kasi ambayo mwogeleaji hodari hataifikia.

Hilo ndilo jambo lenye uzito kuliko yote niliyoandika hapa. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa kuwa mdomo unaopigania hewa hauna nafasi ya kuita. Mwenye miaka 4 avae jaketi la kuokolea maisha kila anapokaribia maji, hata kama haendi kuogelea, na awepo mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa zamu ni yake, maana palipo na wakubwa wanne kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Ikiwa na mlimani kuna ziwa, lihesabuni kuwa jambo jingine kabisa: Ziwa la Yellowstone nchini Marekani, lililo mita 2,357 juu ya usawa wa bahari, lina maji baridi hata wakati wa kiangazi, kiasi kwamba wasimamizi wa hifadhi hiyo hawashauri watu waogelee humo.

Chukueni nafasi ya safu ya pili au ya tatu kutoka majini, iliyoinuka kidogo na iliyo karibu na njia ya vyoo, ila isiwe mkabala na mlango wake, kwa sababu taa na miguu ya wapita njia havitawapa usingizi.

Kabla ya kwenda mlimani, pimeni urefu wa gari pamoja na bampa, kisha someni masharti ya barabara za hifadhi. Katika hifadhi ya Glacier, pia nchini Marekani, sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21, yaani takriban mita 6.4. Wakati wa kuteremka, ingizeni gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko ili injini ilizuie gari; mkinusa harufu ya breki kuungua, mmekwisha kuchelewa, simameni zipoe. Na hata baridi iwe kali namna gani, msiwashe jiko la gesi au la mkaa ndani ili kupata joto, kwani gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini.

SWALI: Friji ya karavani yangu hupoza vizuri nyumbani, lakini nikifika kambini huacha kupoza ingawa gesi inawaka. Fundi hakuona kasoro.
Msafiri

JIBU: Ndugu Msafiri, ninaishuku ardhi kabla ya friji. Friji inayotumia gesi haina kompresa: mwali huchemsha amonia iliyo ndani ya maji, mvuke hupanda na kupoa, kisha kimiminika hurudi chini kwa uzito wake tu. Karavani ikiinama, kimiminika hicho hukwama njiani huku mwali ukiendelea kukichemsha, na mabomba yanaweza kuharibika moja kwa moja. Weka pimamaji ndani ya friji, kwanza kwa upana. Upande ulio chini uendeshe juu ya ubao kabla hujaitenganisha karavani na gari linaloivuta, weka kabari kwenye magurudumu, ndipo uitenganishe na kurekebisha mbele kwa kuzungusha mguu wa mbele, hadi kiputo kitulie katikati. Zima friji ipumzike, kisha uiwashe upya na uipe saa kadhaa kabla ya kuihukumu.