Sisimizi mwenye mabawa ndani ya nyumba: ni malkia wa aina gani?

Ndugu wa Katuba, unauliza jina la sisimizi mkubwa wa kahawia uliyemkuta sebuleni jioni baada ya mvua, na kama nyumba imevamiwa. Picha yako imepigwa kwa juu, na kwa juu karibu wote wanafanana. Mpige tena ubavuni, kando ya rula yenye milimita. Kama hatulii, mfunike kwenye kopo umweke dakika tano ndani ya frigo, chini, si kule kwenye barafu.

Hakikisha kwanza si inswa, yaani kumbikumbi, mchwa mwenye mabawa. Inswa ana mabawa manne yenye urefu mmoja, papasi (nyuzi mbili za kichwani) zilizonyooka, na hana kiuno. Sisimizi ana kiuno chembamba, papasi zilizokunjika katikati, na mabawa ya mbele yanayoyapita ya nyuma.

Halafu jinsia. Yule wa kahawia mwenye vinyweleo na tumbo refu kama soseji, anayejigonga kwenye taa usiku, ni dume la siafu (Dorylus). Wengi humwita malkia, lakini malkia wa siafu hana mabawa maisha yake yote. Madume wa aina nyingine huwa na kichwa kidogo, macho makubwa na tumbo jembamba. Malkia kifua kimetuna kwa misuli ya kurukia, na tumbo ni nene.

Sasa angalia kiuno kwa kioo cha kukuzia, maana hapo ndipo penye jibu. Nundu moja, na ncha ya tumbo ina tundu la mviringo lililozungukwa na vinyweleo, bila mwiba: yaelekea ni wa jenasi ya Camponotus. Nundu moja, mweusi, ananuka vibaya ukimshika na anachoma: yaelekea ni Paltothyreus tarsatus. Nundu mbili, na anazidi sentimita 2, tumbo nono: Carebara, ambaye watoto wake hukaa ndani ya vichuguu, vile vikubwa tunavyochimba udongo wa matofali. Nundu mbili lakini hafiki hata sentimita 1: mara nyingi Pheidole.

Zaidi ya hapo usimwamini anayekutajia spishi kwa picha moja. Camponotus wa kundi la maculatus, spishi zinazofanana sana, hutofautishwa kwa wafanyakazi wao, wale wasio na mabawa. Ukitaka wafanyakazi, mfuge malkia azae: tia maji theluthi ya chupa nyembamba ya kioo, yazibe kwa pamba iliyobanwa sawasawa (ikilegea maji yatamzamisha), mwingize, ziba mdomo kwa pamba kavu, weka gizani. Camponotus usimlishe, anaishi kwa misuli ya mabawa na mafuta ya mwilini hadi wafanyakazi wa kwanza watoke, mwezi na zaidi. Ila kama hakupandwa, mayai yatatoa madume tu.

Kuhusu nyumba: mmoja kwenye taa kaletwa na mwanga. Wakitoka kwa makumi kwenye ufa wa ukuta au fremu ya mlango, kiota kimo humo. Weka alama pale wanapotokea kabla hawajaisha kuruka.