Barua kwa mwanangu: kwa nini pale Rusumo tunahama mkono

Kahama, Jumatano jioni

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho mama yako akiwa pembeni yangu. Umesema Jumapili uliendesha peke yako Kigali kwa mara ya kwanza, ukafika kwenye kipilefti, mikono ikavuta usukani kushoto kama ulivyozoea nyumbani, ukajikuta umetazamana uso kwa uso na basi dogo. Ukasimama. Watu wakakupigia honi hadi machozi yakakutoka. Ndipo ukaniuliza: "Baba, nani aliamua mambo haya? Na upande upi hasa ndio sahihi?"

Namshukuru Mungu kwamba ulisimama. Dereva akichanganyikiwa akasimama, wenzake watamzunguka wapite. Akichanganyikiwa akaendelea kukanyaga mafuta, hapo ndipo watu wanapokufa. Kwa hiyo zile honi zisikuumize moyo, ulifanya jambo la maana kuliko yote uliyoweza kufanya dakika ile.

Kilichokuponza kimejificha ndani ya neno lenyewe. Kipilefti kimetokana na Kiingereza cha kibao, "keep left", kilichomwamuru dereva ashike kushoto. Watu walikisoma kibao, jina likahamia kwenye duara zima, nasi tumekua tunalitaja bila kuwaza kwamba sheria ya upande imo ndani yake. Huko uliko duara ni lile lile, maua katikati ni yale yale, ila unalizunguka kwa kulia, kinyume na mshale wa saa. Mwili wako ulisikia "kipilefti" ukatii.

Swali la upande sahihi nalijibu kwanza kwa kuwa ni fupi: hakuna. Barabara haina upande iliyozaliwa nao. Sahihi ni ule ambao wote mliomo barabarani mnaushika kwa wakati mmoja. Swali la nani aliamua ndilo refu. Nimelibeba miaka kumi na tisa nikivuka na lori pale Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera mpakani mwetu na Rwanda, na tangu niache kazi nimepata nafasi ya kulisoma vizuri.

Anzia kwenye mkono. Tunauita wa kulia kwa kuwa ndio wa kulia chakula, na wazee wanauita wa kuume. Watu wengi wa kila taifa ndio wanaoutegemea, na humo zimetoka sheria zote mbili. Maelezo yanayotolewa sana ni haya: Ulaya ya zamani mpanda farasi alining'iniza upanga kiunoni kushoto ili mkono wa kulia uuchomoe haraka. Akikutana njiani na mtu asiyemjua, alitaka mtu huyo ampite kuliani, upande wa mkono wenye nguvu, kwa hiyo yeye mwenyewe alishika kushoto. Hata kupanda farasi alipandia kushoto, maana upanga ungemkwaza, na ni salama zaidi kupandia ukingoni mwa njia kuliko katikati yake.

Karne ya 18 yakaenea Ufaransa na Marekani magari makubwa ya mizigo, yakivutwa na jozi kadhaa za farasi. Mengi hayakuwa na kiti cha dereva. Dereva alikaa juu ya farasi wa nyuma, yule wa kushoto, ili mkono wa kulia wenye mjeledi uwafikie wanyama wote. Sasa fikiria mwenzake anakuja mbele na mzigo kama wake, na njia ni nyembamba. Akitaka kuona kama magurudumu yao hayatagongana, lazima yule mwingine apite kushoto kwake, aweze kuinama na kuchungulia. Basi yeye anashika kulia. Namwelewa mtu huyo kana kwamba tuliwahi kulala naye kwenye maegesho mamoja. Dereva wa mzigo mzito hukaa pale anapoona magurudumu yakipishana.

Desturi hizo zikaja kuandikwa. Meya wa London aliamuru magari yashike kushoto kwenye Daraja la London mwaka 1722, na 1835 sheria ikaenea Uingereza yote. Pennsylvania iliandika kulia mwaka 1792 kwa barabara ya kutoka Philadelphia kwenda Lancaster, na Paris ikafuata kulia mwaka 1794. Kisha kila mkubwa akabeba upande wake mpaka makoloni yake.

Sasa turudi Rusumo. Kabla ya 1916 kingo zote mbili za Kagera zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Katika vita ile ya kwanza ya dunia majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, mwaka 1916 yakaitwaa Kigali na kusonga hadi Tabora. Vita ilipokwisha waliketi mezani wakagawana: Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji. Mwingereza anashika kushoto, Mbelgiji anashika kulia, na mto uliokuwa mto tu ukageuka kuwa mahali pa kuhama mkono, yaani kubadili upande wa barabara. Hakuna Mnyarwanda wala Mtanganyika aliyeulizwa.

Kuna jambo linalonigusa kila ninapolikumbuka. Ardhi unayopita kutoka Rusumo kwenda Kibungo iliitwa Gisaka. Waingereza waliitaka kwa ajili ya ndoto yao ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, na katika mgawo ule wakapewa. Mfalme Musinga alilalamika kwamba nchi yake imekatwa, wamisionari wakampigia mbiu, na mwishoni mwa 1923 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Isingerudishwa, pengine mimi ningekuwa nahama mkono mbele kabisa huko Kibungo, na Kagera ningeivuka bila kugusa indiketa.

Lakini usimwachie mkoloni peke yake jibu lote, jirani naye ana neno. Ureno ilihamia kulia mwaka 1928 na Angola ikafuata. Msumbiji, koloni la Mreno huyo huyo, ikabaki kushoto kwa kuwa imezungukwa na nchi za kushoto. Ndiyo maana ukivuka Ruvuma kwenye Daraja la Umoja pale Mtambaswala hubadilishi chochote. Ghana na Nigeria zilirithi kushoto, zikajikuta katikati ya majirani waliotawaliwa na Mfaransa, wote kulia. Nigeria ikahama 1972, Ghana 1974. Nchi inaweza kuhama, mwanangu, ila inagharimu.

Soma ya Uswidi uone. Waswidi walishika kushoto, Norwei na Finilandi majirani zao wakishika kulia, na magari yao mengi tayari yalikuwa na usukani kushoto, kwa hiyo kulipita gari lingine ilikuwa kama kubahatisha. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kwa kura: asilimia 83 wakakataa kuhama. Mwaka 1963 bunge likaamua kuhama hata hivyo. Wakajiandaa miaka minne, na Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri kasoro dakika 10, kila gari lililokuwa barabarani likasimama. Likavuka taratibu kwenda upande wa pili, likasimama tena, likasubiri. Saa 11 kamili nchi nzima ikaondoka upande wa kulia. Kila nikilifikiria lile tukio la kusimama nasisimka. Wale waliopinga kwa kura nao walikaa kimya kwenye magari yao wakisubiri saa pamoja na wenzao.

Tabu ilikuwa mabasi, milango yake ilikuwa upande ambao sasa ni wa katikati ya barabara. Maelfu yalikatwa milango mipya. Miji ya Gothenburg na Malmö iliyauza ya kwake Pakistani na Kenya, kwa watu wa kushoto wenzao wa zamani.

Samoa, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilifanya kinyume mwaka 2009, ikatoka kulia kwenda kushoto. Ilitaka magari ya bei nafuu kutoka Japani, Australia na Nyuzilandi, magari ya mtumba ya aina ile ile inayojaa kwenye barabara zetu. Rwanda nayo, baada ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Burundi mwaka 2007, iliwahi kulifikiria suala la kuhamia kushoto. Mimi ningefurahi sana. Nimeona basi la kwetu likishusha abiria upande wa pili wa Kagera: mlango uko kushoto, na huko kushoto ndiko katikati ya lami. Mama mwenye mtoto mgongoni alishuka moja kwa moja kwenye njia ya malori. Utingo wa basi aliruka chini akasimama mbele yake, mikono ameitanua, mpaka akavuka. Sijamsahau kijana yule.

Nami lipo langu ambalo hata mama yako nimemwambia jana tu. Lori letu lina usukani kulia. Ukiingia Rwanda nalo unakaa upande wa mtaro, huoni mbele ya gari unalolifuata, na macho yako ni utingo: yeye ndiye anayechungulia na kusema "pita" au "tulia". Watu hudhani hatari iko darajani. Darajani una hofu, uko macho. Mimi ilinipata karibu na Kayonza, alfajiri, baada ya usingizi wa saa nne tu kwenye maegesho. Barabara ilikuwa tupu. Niliwasha, nikatoka, nikashika kushoto kama niko Nzega. Nilikwenda mwendo ambao mpaka leo siujui ni wa dakika ngapi. Utingo alikuwa anajifuta usingizi, ghafla akapiga dashibodi kwa kiganja na kupiga kelele "Mkono, mzee! Mkono!" Mbele, kwenye kona, taa za basi. Nikavuta kulia, trela ikafuata, basi likapita na upepo wake. Tulisimama mbele kidogo, hakuna aliyezungumza. Nilikuwa na zaidi ya miaka kumi kwenye njia ile.

Kwa hiyo yanayofuata yashike kama nilivyoyashika mimi baada ya asubuhi ile. Gari lako la huko lina usukani kushoto, ni vizuri, linakusaidia. Ukiwa ndani yake wewe dereva ndiye unayekaa karibu na mstari wa katikati, na abiria anakaa karibu na majani. Ukijiona wewe uko upande wa majani, umekosea, simama. Jihadhari zaidi unapotoka sheli, unapotoka getini asubuhi, na barabara ikiwa tupu, kwa sababu hapo hakuna gari la kukukumbusha. Na ukiwa kwa miguu, kabla ya kukanyaga lami angalia kushoto kwanza. Nyumbani tulikufundisha uangalie kulia kwanza, nami nilikushika mkono nikikufundisha, najua lilivyokuingia.

Baada ya Kayonza nilichana kipande cha khanga nyekundu ya mama yako. Kila nikivuka Kagera nilikifunga kwenye mkono wa kioo cha kulia, na kabla ya kuondoa lori mahali popote nilikitafuta kwa macho: kitambaa kiwe upande wa majani. Nikirudi Rusumo nilikifungua. Leo nimekitoa kwenye boksi la leseni zangu za zamani. Mama yako amekifua, amekikunja ndani ya bahasha hii, na utapewa na kijana anayepakia kesho kuja huko.

Baba yako