Funga Madaftari Kwanza

"Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Darasa zima linaitikia, ubao unafutwa. Wiki ya pili jaribio linaonyesha kuwa walichoelewa kimeshapeperuka.

Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, kilichosomwa mara mbili kiliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kilichoandikwa kwa kukumbuka kilibaki kwa asilimia 56, kile kingine 42.

Mwalimu mwenzangu, hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanajaribu njia hii ya kukumbuka bila kutazama Jumatatu, wanapima Jumatatu hiyohiyo, wanaona haina faida, wanaiacha. Pima baada ya siku 7.

Huhitaji muda wa ziada. Utangulizi wa somo una dakika zake tayari, na kwa kipindi cha dakika 40, nane zinatosha. Andika ubaoni maswali manne: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari ya notsi yafungwe. Wanafunzi wajibu kimyakimya kwa dakika 5, kila mmoja peke yake. Ukiruhusu majibu ya pamoja kwa sauti, watano wa mbele watalikumbukia darasa zima.

Dakika 3 zilizobaki ni za kusahihisha, na usizikate hata kidogo, kwa sababu kosa lisilosahihishwa linaota mizizi. Tuseme umeuliza Darasa la Sita: mmeng'enyo wa chakula huanzia wapi? Wengi wataandika "tumboni". Ukisema tu "hapana, ni mdomoni" ukapita, mwezi ujao utasoma "tumboni" tena. Waambie nyumbani watafune tonge la ugali mkavu polepole, wasilimeze haraka, wasikilizie utamu unavyojitokeza. Ni kimeng'enya cha mate kinachogeuza wanga kuwa sukari. Mwanafunzi aliyeonja jibu halisahau kirahisi.

Darasa la watoto 80 halikupi nafasi ya kukusanya madaftari kila siku. Wabadilishane na jirani, nawe upite ukitazama madaftari 10, ya nyuma yakiwamo. Wakikosa wanne au zaidi swali lilelile, lifundishe upya kabla ya kuendelea. Usiweke maksi hizi kwenye ripoti: maksi huleta hofu, hofu huleta kunakili, nawe utabaki na picha ya uongo. Na kama karibu wote wameacha nafasi tupu, swali ni gumu mno. Toa herufi ya kwanza ya jibu, au nusu ya sentensi waikamilishe.

Wale wa utafiti ule walikuwa watu wazima wa chuo, kwa hiyo lijaribu jambo hili kwa watoto wako. Kama una mikondo miwili, mada ya kwanza mkondo A ukumbuke bila notsi na B urudie kusoma. Mada ya pili wabadilishane. Bila kubadilishana, huenda unapima tu mkondo upi una watoto wepesi. Dakika ziwe sawa pande zote, na baada ya wiki wape maswali 10 bila kuwatangazia.