Kwa nini wahusika wa katuni wana vidole vinne

Umeuliza kwa nini wahusika wengi wa katuni wana vidole vinne. Sababu kubwa ni wingi wa kazi. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, bado unahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika, na huyo ni mhusika mmoja! Kila kidole kinachopungua ni mistari mingi isiyochorwa. Halafu mkono wa katuni ni mnene na wa mviringo. Ukiuwekea vitano unajaa mno, ishara zake hazisomeki upesi.

Na zile glovu nyeupe usizipuuze, mimi nazipenda kuliko hata vidole. Mickey Mouse wa 1928 alikuwa mikono mitupu: mkono mweusi ukipita mbele ya kifua cheusi, unamezwa. Mwaka 1929 akavishwa glovu. Tazama moja ya filamu zake za glovu bila sauti, fuata mikono tu. Utaona hata anapopunga kwa mbali, kila kidole kinasomeka.