Jibu: Siku za kwanza za RAGBRAI zikoje?

Ndugu, umeuliza kama siku mbili za kwanza za RAGBRAI, ile safari ya kila mwaka ya kuvuka jimbo la Iowa, Marekani, kwa baiskeli, zitakushinda, maana umesikia Iowa ni tambarare. Si tambarare hata kidogo, hasa mwanzoni. Mara nyingi safari huanzia karibu na mto Missouri, ambako watu huchovya gurudumu la nyuma majini (la mbele huchovywa Mississippi siku ya mwisho), na ukiupa mto kisogo tu unakutana na vilima vya Loess. Panda kwa gia nyepesi, usimfukuze mtu. Mwaka wangu wa kwanza niliwafuata vijana wenye kasi. Jioni ile mapaja yaligoma hata kuchuchumaa nipigilie vigingi vya hema.

Mzigo usikupe wasiwasi, lori linaubeba hadi mji wa kulala. Ila funga kitambaa cha rangi kali kwenye begi lako, kwa sababu utalitafuta kati ya mamia yaliyolazwa kwenye nyasi, mengi meusi kama lako. Asubuhi hema utalikunja likiwa limelowa umande, hivyo nguo ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na uondoke alfajiri: mwisho wa Julai, ikifika saa sita mchana, joto la katikati ya mashamba ya mahindi halina huruma.