Mzee akikwambia kwa Kiswahili kwamba amechoka: kwa dada anayetaka kazi yangu

Wiki mbili zilizopita dada mmoja anayesomea uuguzi Coventry aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimesikia wewe ni mtetezi wa afya ya akili kwa wazee wa Kihindi huko Leicester. Na mimi naitaka kazi hiyo. Nianze na digrii gani?" Nilimjibu mistari mitatu, nikaifuta. Jibu ni refu, na najua wengi mnaosoma hapa mna hamu kama yake. Mtetezi ni mtu anayekaa upande wa mgonjwa ili sauti yake isikike mbele ya madaktari.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Hapa Leicester nilianza kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuogesha na kulisha, na wazee wengi mle walikuwa Wahindi waliotoka Uganda na Kenya. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakaja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja. Sensa ya 2021 inasema watu wenye asili ya Asia ni asilimia 43 ya jiji hili, na ukipita Belgrave Road utakuta muhogo wa kukaanga unauzwa kwa jina la "mogo". Sufuria, kisu, fagio, yote wanayasema hivyohivyo ndani ya Kigujarati chao.

Kiswahili wanacho, lakini wengi wao ni kile cha kuamrisha. Mzee wa kwanza kugundua natoka Tanga aliniambia, "Lete maji. Upesi." Alikuwa anazungumza na mfanyakazi wake wa mwaka 1968, si na mimi. Iliniuma, na sitakudanganya kwamba imekwisha kuniuma. Ila lugha hiyohiyo ndiyo iliyonifungulia mlango, na hapa ndipo nataka unisikilize.

Kulikuwa na bibi wa Jinja. Nitamwita Ba, kama wajukuu zake wanavyomwita, na mengine nimeyabadilisha asitambulike. Ba alikuwa halali, hali, analalamika kifua. Moyo ulipimwa, mzima. Neno lake lilikuwa "gabhraman": moyo kwenda mbio, pumzi kubana, hofu isiyojulikana imetoka wapi. Sisi watu wa pwani tungesema wahka. Lakini fomu ya sonona wanayotumia madaktari hapa ina maswali tisa, na hakuna hata moja linalouliza habari za kifua. Kwa hiyo kwenye karatasi gabhraman ya Ba haikuonekana.

Siku alipoonana na daktari, nami nikiwepo, bintiye ndiye aliyekuwa mkalimani. Ba alisema maneno mengi kwa Kigujarati, sauti ikikatika. Binti akamwambia daktari, "Anasema halali vizuri." Basi. Ba akanigeukia, akanishika mkono, akasema, "Mama, mimi nachoka kuishi."

Binti amezaliwa Leicester, hajui Kiswahili. Mle chumbani tuliokuwa tumeelewa ni wawili tu.

Nikafanya kosa ambalo nalibeba mpaka leo. Nilimgeukia daktari nikalitoa palepale kwa Kiingereza, mbele ya binti. Binti akaangua kilio. Ba akatazama sakafu. Matibabu alipata, namshukuru Mungu, lakini kwa miezi minne hakunisemesha. Kusema ilikuwa lazima, uhai haufichiwi siri, na ungekuwa wewe ningetaka useme. Nilipokosea ni kwamba sikumwambia yeye kwanza: "Ba, hili siwezi kulinyamazia. Utalisema wewe, au nilisemee? Binti yako awepo, au atoke nje?" Sekunde kumi tu. Nilimnyang'anya neno lake mwenyewe, nikadhani ndio kumtetea.

Kwa hiyo dada, fikisha alichosema mtu, usifikishe unachoona kinamfaa. Na usikubali mwana, mjukuu wala mkwe awe mkalimani. Dai mkalimani wa kulipwa, hata kama mkutano utaahirishwa. Si kwamba watoto ni wabaya. Wanalinda "aabru", heshima ya nyumba, kwa sababu jina la ugonjwa wa akili likishaingia kwenye ukoo, posa za wajukuu zinaanza kupotea. Na sisi tusijifanye hatuyajui hayo. Zamani kwenye vikao nilikuwa nawasomea "mficha maradhi kifo humuumbua". Nimeacha. Inamlaumu mgonjwa kwa woga tuliomtia sisi.

Kuhusu masomo: digrii si lazima, cheti cha utetezi huru kinakutosha kuanza, lakini sheria uijue kama kiganja chako. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983: anayezuiliwa hospitali kwa kifungu cha 2 anaweza kukaa hadi siku 28, na kukata rufaa kwenye baraza la rufaa (tribunal) ni ndani ya siku 14 za mwanzo. Mtetezi huru ni haki yake, halipi kitu. Nilimkuta mzee mmoja siku ya kumi na saba, karatasi ya haki zake iko kwenye kabati la kando ya kitanda, kwa Kiingereza, haijakunjuliwa.

Na cheti kichukue mapema. Mahali fulani nilianzisha kikundi cha kina mama cha Alhamisi, miaka miwili bila malipo. Ilipopatikana nafasi ya mshahara, niliambiwa jamii itamkubali zaidi "mtu wa kwao". Nilikaa kwenye gari nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu. Aliyepewa aliondoka baada ya miezi mitano. Kina mama walinifuata wenyewe kwenye ukumbi mwingine, na wapo mpaka sasa. Usikae ukingoja kupendwa, jiandae.

Ba naye alirudi taratibu. Siku moja, tukimenya mihogo, alinieleza jinsi askari walivyomvua bangili kwenye kizuizi cha barabara ya Entebbe, akiwa na mimba. Bintiye hajawahi kusikia.

Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha kupitia matunzo yake. Mkalimani wa kulipwa alikuwepo, binti alingoja nje kwa hiari ya Ba. Ba alizungumza dakika kumi na moja, nilitazama saa. Mimi sikusema hata neno moja, na tangu nianze kazi hii sijawahi kujivunia siku kama ile.

Dada wa Coventry, tunakutana kila Alhamisi saa nane mchana. Nauli ya treni nitakuchangia. Jifunze kwanza kusema "kem cho, Ba", yaani hujambo, Ba, kisha kaa usikilize.